SHA na sheria yake: huduma nyota tatu, sheria nyota moja

Wacha nianze na nyota ndio mwenye haraka asisumbuke. Huduma ya SHA yenyewe, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, vile iko saa hii, naipa tatu kati ya tano. Sheria iliyoizaa, vile ilipitishwa pale Bungeni, naipa moja, na hapo ndipo nitajibu lile swali watu wanaulizana, kama wabunge wachukue muda zaidi kwenye mambo ya afya ama waharakishe. Sitatoa wastani kwa sababu hivi ni vitu viwili na watu wanavichanganya sana, unakuta mtu amekasirikia karani wa hospitali anamtukana pale dirishani wakati kitu kinachomkera kiliandikwa Nairobi kitambo na watu ambao hawakukaa nacho hata miezi miwili.

Mimi kazi yangu ni mishahara. Niko kwa bekari moja hapa Nakuru, si kubwa, tuna waokaji, madereva, wauzaji na watu wa usafi, na kila mwezi kabla ya tarehe 9 makato ya kila mtu lazima yawe yamefika. Kwa hivyo nimeiona hii bima kutoka upande ambao wengi hawauoni, upande wa hesabu, na pia ndiye huyo huyo watu wanakuja kuuliza mbona nimekatwa hivi. Nimeielezea SHA kwa watu mpaka naijua kama shairi la shule.

Tuanze na hesabu basi. Enzi za NHIF, ule mfuko wa bima ya afya wa zamani, kulikuwa na ngazi. Anayelipwa 12,000 alikuwa anakatwa 500, wa 20,000 anakatwa 750, wa 30,000 anakatwa 900, wa 50,000 anakatwa 1,200, halafu ukifika 100,000 unakatwa 1,700 na hapo ndio mwisho, hata ukilipwa nusu milioni ni 1,700 tu. SHA ikaja na kitu kimoja kwa wote, asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine, na isipungue 300 kwa mwezi. Sasa piga mwenyewe. Wa 12,000 anakatwa 330. Wa 20,000 anakatwa 550. Wa 30,000 anakatwa 825. Wote hao wamepunguziwa. Ukipita kama elfu thelathini na tatu hivi ndio inaanza kupanda, wa 50,000 ni 1,375, wa 100,000 ni 2,750, wa 300,000 ni 8,250. Na haina kilele.

Kwa hivyo mtu akiniambia SHA ni wizi kwa masikini mwenye mshahara namwambia kaa chini tuangalie karatasi yako. Mama anayefagia pale kwetu makato yake yalishuka na nilifurahi sana kumwonyesha. Kelele kubwa zilizosikika mwanzoni zilikuwa za wale walipandishiwa, na hata hao siwalaumu, pesa ni pesa na maisha yamepanda, lakini wazo la mwenye nacho kuchangia zaidi ili asiye nacho atibiwe mimi naliunga mkono kwa roho yote. Na tangu mwisho wa Desemba 2024, baada ya sheria za kodi kurekebishwa, hayo makato yanatolewa kwanza ndio PAYE, kodi ya mshahara, ihesabiwe, kwa hivyo kuna nafuu kidogo pale chini.

Nyota nyingine inatoka kwa kazi niliyoiona kwa macho. Mke wa mmoja wa madereva wetu alijifungua kwa upasuaji, na kiwango cha SHA kwa upasuaji wa uzazi ni 30,000, kuzaa kawaida 10,000. Hospitali waliyoenda ilikubali hicho kiwango, alama za vidole zikachukuliwa, mama akatoka na mtoto bila kuombwa shilingi na bila kikundi cha WhatsApp cha kuchangisha. Anayejua vile hizo harambee za bili za hospitali zimetuchosha ataelewa kwa nini nasema hiki ni kitu kikubwa. Wenye saratani nao, kwa viwango vilivyotangazwa mwanzoni, familia ilipewa mpaka 400,000 kwa mwaka kutoka SHIF, ule mfuko wa bima ambao makato yetu yanaingia, na ikiisha kuna 150,000 nyingine kutoka ule mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Haitoshi, waliopitia wanajua haitoshi, lakini mfuko wa pili wa kukushika ule wa kwanza ukiisha ni wazo zuri. Na zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 vimewekewa mfuko wake wa huduma za msingi ambao mwananchi halipii kitu.

Hapo ndipo nyota tatu zinatoka. Sasa tuje kwa ile moja.

Mswada wa bima hii ulichapishwa Septemba 2023. Tarehe 19 Oktoba 2023 rais alikuwa ameshautia saini, ukiwa pamoja na zingine tatu, ya huduma za afya ya msingi, ya afya ya kidijitali na ile ya pesa za kuboresha hospitali. Ilikuwa lazima ziwe tayari Mashujaa Dei ambayo mwaka huo ilifanyiwa Kericho na mada yake ilikuwa afya. Yaani sheria ya kuvunja NHIF, mfuko wa tangu 1966, kuunda mifuko mitatu mipya, kubadilisha makato ya kila Mkenya anayelipwa mshahara na kumwingiza kila asiye na mshahara, ilitoka kwenye karatasi mpaka saini kwa wiki chache. Mimi kubadilisha tu sistimu ya mishahara ya bekari ya Nakuru tulichukua muda mrefu kuliko huo, tukaendesha ya zamani na mpya pamoja mpaka tukaona zinafanana.

Halafu angalia kilichofuata. Novemba 2023 Mahakama Kuu ikaisimamisha. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikaifungulia lakini ikaacha vifungu vingine vimefungwa, vikiwemo vile vya kumtaka mtu aonyeshe amesajiliwa na amelipa ndio apewe huduma za serikali. Kanuni zikatoka Machi 2024. Tukaambiwa makato yanaanza Julai, mimi nikaandaa kila kitu, ikasogezwa Oktoba. Tarehe 12 Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema sheria tatu kati ya zile nne zinakiuka Katiba, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, wakalipa Bunge siku 120 lirudi kwa watu. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi. Yaani ukihesabu, haraka ya kupitisha haikuokoa hata muda, sheria ilipita kwa wiki chache halafu ikakaa karibu mwaka mzima kwenye korti na kwenye matangazo ya kuahirisha. Huo mwaka ungetumika Bungeni na kwenye kumbi za kaunti tungeanza tarehe ile ile na tungeanza tukiwa tumejipanga.

Na hiyo siku ya kuanza kila mtu anakumbuka, ilikuwa kwenye taarifa zote. Hospitali kubwa zilikuwa na foleni, sistimu haisomi, wagonjwa wa kusafishwa damu ambao hawawezi kukosa kikao wakaambiwa walipe taslimu au wangoje. Mgonjwa wa figo huwezi kumwambia angoje, akikosa wiki moja mwili unajaa maji. Hakuna mbunge aliyekaa kwenye kamati akasikiliza hao watu wa figo angekubali kuzima NHIF leo na kuwasha SHA kesho asubuhi bila kipindi cha kuendesha zote mbili.

Lakini kitu kinachoniuma zaidi ni watu wasio na karatasi ya mshahara. Hapa ndio naomba mnisome polepole.

Mwenye mshahara ni rahisi, asilimia inajulikana, mimi nakata, napeleka, basi. Sasa mama mboga, mtu wa bodaboda, fundi wa jua kali, mkulima wa viazi kule Molo, huyu asilimia 2.75 ya nini? Sheria ikasema atapimwa uwezo, na alipe ya mwaka mzima kwa mara moja. Wakati wa NHIF huyu mtu alikuwa analipa 500 kwa mwezi, ni mingi kwa wengine ndiyo, lakini alikuwa anajua ni 500 na akikosa mwezi huu anajua mwezi ujao kuna faini arudi. Kwa SHA kiwango cha chini ni 3,600 kwa mwaka, ambayo kwa karatasi ni nafuu, ila umuulize mtu anayenunua unga wa siku hiyo kwa pesa ya siku hiyo ni wapi atatoa elfu tatu na mia sita ikiwa pamoja. Na wengi hawapimwi kwa kiwango cha chini. Unaulizwa ukuta wa nyumba yako ni wa nini, paa ni la nini, choo ni cha aina gani, una ng'ombe wangapi, halafu sistimu inakuletea namba. Shangazi yangu ambaye ni mjane na nyumba ya mawe aliachiwa na marehemu alipimwa akapewa kiasi ambacho kinafanana na mtu mwenye biashara, kwa sababu ukuta wa mawe unaonekana lakini sufuria tupu haionekani.

Hili swali, kwamba mtu asiye na mshahara analipaje, ndilo swali gumu la bima ya afya yoyote Afrika. Si siri. NHIF ilipambana nalo miaka yote, wengi walikuwa wanalipa wakiugua na kuacha wakipona. Kwa hivyo kama kuna kifungu kimoja kilistahili kusomwa kwa sauti kila soko la nchi hii na watu wakaulizwa "hii mtaweza?", ni hicho. Mtu yeyote pale soko la Wakulima angekuambia kwa dakika mbili, mzee, weka ya kila siku au ya kila wiki kwa simu, ya mwaka hatuwezi. Sasa angalia, 2025 serikali ikaleta Lipa SHA Pole Pole ndio mtu aweze kulipia kidogo kidogo. Pole pole! Kitu ambacho kilihitaji kikao kimoja cha wananchi kilikuja baada ya watu kukosa matibabu. Oktoba 2025 nao ndio ukazinduliwa mpango wa serikali kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza, miaka miwili tangu saini. Nashukuru umekuja, nasema kwa dhati, lakini mtu asiyejiweza alikuwepo 2023 pia. Waliojisajili walipita milioni 20 mwaka huo wa 2025 na serikali ikajivunia, ila anayechangia kweli kila mwezi bado kwa sehemu kubwa ni yule wangu wa karatasi ya mshahara, na bima ambayo inabebwa na wachache kwa niaba ya wote haitasimama kwa muda mrefu.

Pia Linda Mama. Huu mpango ulikuwa rahisi hata mtoto wa shule angekueleza, una mimba, unajisajili, unazaa bure, serikali inalipa. Kwa SHA uzazi umeingia kwenye Linda Jamii, familia yote inafunikwa, sawa, lakini mchango uwe umelipwa. Msichana wa miaka kumi na tisa ambaye hana kazi na aliyempa mimba ametoroka anatoa wapi ya mwaka? Hapa sitaki kuambiwa habari ya mpango mzima na mwelekeo wa taifa. Kulikuwa na kitu kinafanya kazi kwa mama masikini na kiliondolewa bila mjadala wa maana. Kuna wauguzi na wakunga kila kaunti wangesema hilo kama wangeulizwa na kupewa muda wa kujibu.

Madeni nayo. NHIF ilipozimwa ilikuwa inadaiwa na hospitali, chama cha hospitali za binafsi, RUPHA, kilikuwa kinataja karibu bilioni 30. Swali la nani atalipa na lini halikuwa limeeleweka SHA inapoanza, na Februari 2025 hospitali za RUPHA zikaacha kuwahudumia wenye SHA, ukitaka kutibiwa toa taslimu. Hospitali moja ya binafsi iliombwa na familia ya mwenzetu mmoja iwape hata muda wa kutafuta pesa ikakataa, na huyo mtu makato yake yalikuwa yanaenda kila mwezi, nayajua kwa sababu nayapeleka mimi. Nilijisikia vibaya sana kumkata mwezi uliofuata. Machi rais akasema wanaodai chini ya milioni 10 walipwe na wakubwa wakaguliwe kwanza. Ni hatua, lakini deni la bilioni si kitu unagundua ukiwa umeshahama nyumba, lilikuwa linajulikana na kamati ya afya ingeliwekea kifungu na tarehe.

Na huko nyuma ya pazia kuna sistimu ya kompyuta ya bilioni 104.8 ambayo Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, aliandika kwamba si mali ya serikali. Nitaiacha hapo maana ukianza nayo hutamaliza, ila bilioni 104 ni hesabu ambayo mbunge angefaa kuilalia na kuamka nayo kabla ya kuinua mkono.

Sasa kuna hoja moja naiheshimu na sitaki kuikwepa. Watu wanasema Kenya imengoja sana tayari. Na ni kweli! Desemba 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya jamii, Charity Ngilu akiwa waziri wa afya, na rais Kibaki akakataa kuutia saini, ikaonekana gharama haibebeki. Miaka karibu ishirini ikapita hivi hivi. Ndugu yangu mmoja ambaye ni mwalimu huniambia wewe na muda wako, ungepewa muda tungekuwa bado tunapanga mikutano hadi leo, afadhali kitu kibovu kipo unakirekebisha kikiwa kinatembea. Namwelewa. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu, na haki hiyo haingoji kamati zimalize chai. Lakini hiyo miaka ishirini watu hawakuwa wakijadili mswada, ulikuwa umelala kabatini, na kulaza kitu kabatini hakuwezi kuhesabiwa kama kukifikiria. Ninachodai ni miezi kadhaa ya kazi, ya kupiga hesabu mbele ya watu, ya kuita wahasibu wa NHIF waseme pesa ziko wapi, ya kujaribu kwenye kaunti mbili tatu kwanza. Katiba hiyo hiyo kifungu cha 118 inaliambia Bunge lishirikishe wananchi, haisemi likiwa na nafasi.

Majirani Tanzania walipitia njia nyingine. Mswada wao wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa Bungeni Dodoma 2022, ukarudishwa nyuma, ukarudishwa tena mapema 2023, swali kubwa likiwa pesa za kuwalipia wasio na uwezo zitatoka wapi. Ukapita Novemba 2023 ukiwa na majibu ndani yake, ushuru wa soda, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha. Sisemi wao wamefika, kutekeleza ni kazi nyingine na wao wenyewe walikuwa na mvutano wa NHIF yao na hospitali binafsi Machi 2024 juu ya bei mpya. Ila angalau asiyejiweza alitafutiwa senti zake kabla ya saini. Sisi tulitia saini halafu tukaanza kumtafutia.

Kwa hivyo nikirudi kwa swali ambalo watu wanaulizana, wabunge wachukue muda zaidi kwenye mambo ya afya ama waharakishe? Kwa hii ambayo nimeishika mkononi kila mwezi jibu langu ni wachukue muda, na hasa saa hii ambapo marekebisho yanazungumzwa kila mara. Waanze na kifungu cha kulipa kwa mwaka, wakiondoe, mtu alipe vile anapata. Wamwondolee mama mjamzito sharti la mchango. Waweke siku ngapi hospitali ingoje kulipwa na nini kifanyike siku hizo zikipita. Hivyo vitatu tu, na waje navyo Nakuru, Wajir, Kwale, waje na hesabu zilizochapishwa kwa Kiswahili, wakae siku nzima na watu, wasije na ile mikutano ya tangazo la leo gazetini mkutano kesho kutwa asubuhi watu wako kazini.

Kwa anayesoma hii akitaka kujua kama atumie huduma, jibu ni tumia, usikae nje eti kwa sababu sheria ilipitishwa vibaya, ugonjwa haujali. Piga *147# ama ingia kwenye mtandao wa SHA wa Afya Yangu, jisajili, halafu ongeza mke au mume na watoto, hapo watu wengi wanasahau, anadhani akiingia yeye familia imeingia. Yale maswali ya nyumba na mifugo yajibu kwa ukweli na ukiona namba iliyotoka haiwezekani nenda ofisini na uombe upimwe upya, shangazi yangu amefanya hivyo na anangoja majibu. Ukiwa umeajiriwa angalia kama makato yako yanafika, usiangalie karatasi ya mshahara peke yake maana kukatwa na kufika ni vitu viwili, ingia kwenye akaunti yako uone mwezi kwa mwezi. Ukikuta shimo, nenda kwa mtu wa mishahara wa kampuni yako umuulize, ni haki yako na asikukasirikie. Pale kwetu mlango uko wazi.